Asili ya Neno na Maana ya Neno: Funzo la "Ciao" ya Kiitaliano

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya neno la Kiitaliano ciao, ambalo chimbuko lake ni tamko la mtu anayejiita mtumwa wa mwenziwe, na kueleza jinsi lilivyoipoteza maana hiyo na kujipatia maana nyingine kadhaa. Hoja inayotetewa ni kwamba asili ya neno ni ushahidi juu ya historia yake, wala si hukumu juu ya maana yake ya sasa. Hoja hiyo inatumiwa kuupima mjadala wa salamu ya Kiswahili shikamoo, ambao wapinzani na watetezi wake wameegemea mno etimolojia na kuisahau isimujamii.

1.0 Utangulizi

Ni maneno machache ya Kiitaliano yaliyosafiri mbali kama ciao. Husikika Roma na Milano, Buenos Aires na São Paulo, Sofia na Belgrade, Asmara na Addis Ababa. Wengi wanaolitamka hulichukulia kuwa ni salamu nyepesi ya watu waliozoeana, na wala hawakosei. Hata hivyo, neno hilo hilo lilianza likiwa tamko zito: "mimi ni mtumwa wako". Mtu anapoambiwa habari hiyo kwa mara ya kwanza, aghalabu ama hucheka ama hushtuka. Anayecheka huona kwamba historia imefanya mzaha. Anayeshtuka hujiuliza kama ni haki kuendelea kusalimiana kwa neno lililotoka sokoni palipouzwa watu.

Swali la huyu wa pili halifai kupuuzwa. Kabla ya kuwa swali la maadili, ni swali la isimu: je, maana ya zamani hubaki ndani ya neno kama mbegu ndani ya tunda, hata pale ambapo hakuna msemaji anayeifahamu? Jina lenyewe la taaluma ya etimolojia linampa muulizaji sababu ya kudhani kwamba jibu ni ndiyo, kwa kuwa limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya "kweli". Wayunani wa kale waliamini kuwa aliyeijua asili ya neno ameijua maana yake ya kweli. Isimu ya kisasa imeikataa imani hiyo, lakini katika mijadala ya watu, na wakati mwingine ya wasomi, imani hiyo ingali hai. Kwa wanafunzi wa Kiswahili inajitokeza kila mara mjadala wa shikamoo unapozuka upya. Makala haya yanaanza na neno la Kiitaliano kwa sababu safari yake imeandikwa vizuri zaidi, na kwa sababu msomaji anaweza kuitazama kwa utulivu, bila ya joto la mjadala wa nyumbani.

2.0 Safari ya Umbo

2.1 Jina la Watu Kuwa Jina la Hali

Mwanzo wa ciao ni jina la kabila. Waslavi walijiita kwa jina lililokuwa karibu na Slovene, ambalo wataalamu wengi hulihusisha na slovo, yaani "neno": watu wenye lugha inayoeleweka, kinyume na wageni ambao usemi wao haufahamiki. Waandishi wa dola ya Bizanti wa karne ya 6, akiwamo Procopius, waliliandika jina hilo kwa kuchopeka konsonanti k: Sklavenoi. Sababu ni ya kifonolojia. Kiyunani hakikuzoea mfuatano wa sl mwanzoni mwa neno, kikautengeneza kwa namna yake, kama vile Kiswahili kilivyochopeka irabu katika maneno ya mkopo kama wakati na fikira ili yakubaliane na silabi zake.

Kutoka Kiyunani jina liliingia katika Kilatini cha Zama za Kati kwa umbo la sclavus. Wakati huo neno la kale la Kilatini, servus, lilikuwa limeanza kutumiwa kwa wakulima waliofungwa na ardhi ya bwana wao, watu ambao hawakuuzwa sokoni mmoja mmoja. Palikuwa na pengo katika msamiati: aitweje mtu aliyetekwa mbali, akavushwa bahari na kuuzwa kama bidhaa? Kwa kuwa wengi wa watu hao walitoka katika nchi za Waslavi, jina la kabila likaziba pengo. Hapo ndipo yalipotoka esclave ya Kifaransa, esclavo ya Kihispania, Sklave ya Kijerumani, slave ya Kiingereza na schiavo ya Kiitaliano. Waarabu nao waliwaita Waslavi Saqaliba, na katika Andalusia jina hilo likaja kuwahusu watumwa waliotoka Ulaya.

Wamekuwapo wataalamu waliopendekeza kuwa sclavus limetokana na kitenzi cha Kiyunani kinachohusu kuteka nyara, lakini maoni ya kulihusisha na Waslavi ndiyo yenye wafuasi wengi zaidi.

Venezia ilikuwa mojawapo ya bandari kubwa za biashara hiyo. Mwanzoni watumwa walitoka ng'ambo ya pili ya Bahari ya Adria. Baadaye, hasa kuanzia karne ya 13, wengi waliletwa kutoka pwani za Bahari Nyeusi, wakiwamo Watatari na Wacherkesi. Jambo la kuzingatia ni kwamba hao nao, ingawa hawakuwa Waslavi, waliitwa sclavi. Neno lilikuwa limekwisha kuiacha maana ya kabila na kubaki na maana ya hali. Kwa upande mwingine, katika mji huo huo, umbo lililonyambuliwa, Schiavoni, liliendelea kuwataja Waslavi wa Dalmatia ambao hawakuwa watumwa kamwe: mabaharia, wafanyabiashara na mafundi. Gati mashuhuri la Riva degli Schiavoni linaitwa kwa jina lao, na chama chao cha kidini kilichoanzishwa mwaka 1451 kingali na jengo lake mjini humo. Mzizi mmoja, katika mji mmoja, ulimtaja mtumwa na mfanyabiashara huru. Kilichowatenganisha ni matumizi.

2.2 Mabadiliko ya Sauti

Hatua inayofuata ni ya fonolojia. Mfuatano wa cl wa Kilatini ulibadilika kuwa ki (uandikwao chi) katika Kitoskana, ambacho ndicho msingi wa Kiitaliano sanifu, na kuwa ch (uandikwao ci) katika Kivenezia. Kwa hiyo clavis, "ufunguo", ni chiave kwa Kiitaliano sanifu na ciave kwa Kivenezia. Clamare, "kuita", ni chiamare na ciamar. Kwa kanuni hiyo hiyo sclavus ikawa schiavo katika lahaja ya kwanza na s-ciavo katika ya pili. Kistari huandikwa katika Kivenezia ili msomaji azitamke s na ch mbalimbali, kwa sababu sc ikifuatwa na i ingesomwa kama sh.

Baadaye v iliyokuwa kati ya irabu mbili ilidhoofika na kutoweka, neno likawa s-ciao. Lilipovuka mipaka ya Venezia na kuingia katika lahaja zisizozoea mfuatano wa s na ch, likapoteza pia s ya mwanzo. Umbo lililobaki ni ciao.

Msomaji wa Kiswahili atatambua mchakato huu. Kiambishi ngeli ki- kikikutana na irabu huwa ch-: ki-angu huwa changu, ki-etu huwa chetu, na ki-ao huwa chao. Kwa maneno mengine, chao katika "kitabu chao" na ciao ya Kivenezia, ambayo hutamkwa karibu sawa nayo, zimeipata sauti ch kwa njia inayofanana: konsonanti ya kaakaa laini imevutwa mbele na sauti ya kaakaa gumu inayoifuata. Lugha hizo mbili hazina undugu, na maneno hayo mawili hayahusiani hata kidogo. Kufanana kwake ni sadfa ya matokeo ya kanuni moja ya matamshi. Tahadhari hii ni muhimu kwa wanafunzi wanaoanza isimu historia, kwa kuwa mtego wa kuunganisha maneno kwa sababu ya kufanana tu huwanasa wengi. Kivietnam nacho kina chào, inayotumika wakati wa kukutana na wakati wa kuagana kama ciao, lakini ni neno la Kivietnam lisilotoka Italia.

3.0 Kutoka Tamko Hadi Salamu

Mabadiliko ya sauti hueleza umbo. Hayaelezi ni kwa nini neno "mtumwa" liligeuka kuwa salamu. Maelezo ya jambo hilo yamo katika kanuni za adabu za jamii ya tabaka. Katika Italia ya karne za nyuma, mtu muungwana aliagana na mwenziwe kwa kujishusha: alijiita mtumwa wake au mtumishi wake. Katika tamthilia ya Carlo Goldoni, La locandiera, ya mwaka 1753, mhusika mmoja mwenye cheo cha ustahifu anaagana na wenzake kwa kusema kuwa yeye ni mtumwa wao. Hakuna mtazamaji wa Venezia wa wakati ule aliyedhani kwamba mhusika huyo amejiuza. Watu wote ukumbini waliifahamu kauli hiyo kuwa ni njia ya kuaga.

Desturi hiyo haikuwa ya Waitaliano peke yao. Servus ya Kilatini ingali salamu ya kawaida katika Austria na Bavaria. Hungaria inayo szervusz, na kutokana nayo szia, ambayo leo ni salamu ya vijana na marafiki. Kiswidi kina tjänare, "mtumishi", ambayo imekuwa salamu ya mtaani. Katika ofisi za serikali ya kikoloni ya Waingereza, Tanganyika ikiwamo, barua rasmi zilimalizika kwa maneno yanayosema kuwa mwandishi ni mtumishi mtiifu wa mwandikiwa. Ofisa aliyeyaandika maneno hayo kumjulisha mtu kuwa ombi lake limekataliwa hakuwa mtumishi wa mtu huyo, na mtu huyo alilijua hilo.

Mchakato unaofanya kazi hapa unaweza kuitwa kupauka kwa maana. Kama vitambaa vinavyofuliwa kila siku, semi za adabu hupoteza rangi kwa kutumiwa. Lakini sitiari hiyo haitoshi, kwa sababu haionyeshi chanzo. Chanzo kikuu ni mrejesho. Mmoja akisema "mimi ni mtumwa wako" na mwenziwe akajibu vivyo hivyo, matamko hayo mawili hufutana. Wote wawili hawawezi kuwa watumwa, kwa hiyo hakuna aliye mtumwa. Kinachobaki ni ishara kwamba wanatambuana. Unyenyekevu unaosemwa na pande zote mbili kwa maneno yale yale hugeuka kuwa usawa. Pamoja na hayo, kauli ndefu hufupishwa: nomino pekee hubaki, kisha nomino yenyewe hukatwa kimatamshi, na ikishakatwa hailingani tena na neno kamili lililoizaa. Hapo msemaji hana tena njia ya kuikumbuka asili. Ushahidi wa maandishi wa umbo ciao katika Italia ya kaskazini unaonekana mwanzoni mwa karne ya 19. Katika karne ya 20, lugha ya taifa ilipoenea kwa shule, jeshi, redio na sinema, neno likafika hadi kusini.

4.0 Maana za Ciao Leo

4.1 Ndani ya Italia

Katika Kiitaliano cha leo ciao ina maana na dhima kadhaa. Kwanza, ni salamu ya kukutana. Pili, ni neno la kuagana. Lugha nyingi hutenganisha kazi hizo mbili, kama Kiswahili kinavyotenganisha hujambo na kwaheri, lakini ciao huzibeba zote. Tatu, ikirudiwarudiwa kwa haraka, hasa mwishoni mwa mazungumzo ya simu, hutumika kuyafunga mazungumzo kwa upole pasipo kuonekana kuyakata. Nne, katika kirai e ciao, humaanisha "basi, yameisha": ni kauli ya mtu aliyekubali kwamba hakuna la kufanya. Tano, ikisemwa kwa mkazo na kebehi, hutumika kumfukuza mtu au kulikataa jambo. Sita, ni nomino, na katika lugha ya watoto "kufanya ciao" ni kupunga mkono.

Zaidi ya maana hizo kuna sharti la kipragmatiki ambalo mgeni hulikosea mara kwa mara. Ciao husemwa kwa mtu anayeitwa tu, yaani ndugu, rafiki, mtoto au mwenza wa rika. Kwa mtu asiyefahamika, kwa mkubwa wa kazi au kwa profesa mzee, adabu hudai buongiorno, au angalau salve. Anayemwambia hakimu ciao mahakamani amemvunjia heshima. Tuutazame ukweli huo pamoja na historia yake: neno lililotangaza kwamba msemaji yu chini kabisa ya msikilizaji limekuwa neno ambalo aliye chini hathubutu kumwambia aliye juu. Maana haikudhoofika tu, imegeuka kinyume. Mtu anayedai kuwa utumwa umejificha ndani ya ciao anapaswa kueleza ni vipi neno la utumwa limekuwa haramu kwa matumizi ya kumnyenyekea mkubwa.

4.2 Nje ya Italia

Kila lugha iliyolikopa neno hili imelikata kwa kipimo chake. Wahamiaji wa Kiitaliano walioingia kwa wingi Brazili na Ajentina kuanzia miongo ya mwisho ya karne ya 19 waliliacha huko: Kireno cha Brazili kina tchau na Kihispania cha Ajentina kina chau. Huko neno limebaki na maana ya kuaga tu, na limezaa maumbo ya udogoshi kama tchauzinho na chaucito, jambo linaloonyesha kuwa limekwisha kuwa la nyumbani. Wajerumani pia hulitumia hasa kwa kuaga. Riwaya ya Ernest Hemingway ya mwaka 1929, A Farewell to Arms, ililipeleka mbele ya wasomaji wa Kiingereza, na wimbo wa Domenico Modugno ulioshinda tamasha la Sanremo mwaka 1959, ujulikanao kwa jina la Ciao, ciao bambina, ukalieneza miongoni mwa watu wasiosoma riwaya.

Mifano miwili inastahili kutazamwa zaidi. Wa kwanza ni wa Waslavi wenyewe. Waserbia husema ćao, Wabulgaria husema chao, na neno hilo limeenea pia kwa majirani zao. Watu ambao jina lao liligeuzwa kuwa jina la utumwa sasa wanasalimiana kwa jina hilo, likiwa limerudi kwao baada ya kupita Bizanti na Venezia, na hakuna anayeona kwamba anajitukana.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Afrika ya Mashariki. Italia iliitangaza Eritrea kuwa koloni lake mwaka 1890 na kuikalia Ethiopia kwa mabavu kati ya mwaka 1936 na 1941. Neno ciao lilibaki katika Kitigrinya na Kiamhari, ambamo hutumika kuagana. Hapa neno lina aibu mbili katika ukoo wake: utumwa wa Zama za Kati na ukoloni wa karne ya 20. Lakini kijana wa Addis Ababa anayemuaga rafiki yake kwa neno hilo hatangazi utiifu kwa dola ya Mussolini. Waethiopia walimfukuza mvamizi na kubaki na salamu, na salamu hiyo leo ni mali yao.

5.0 Pacha Wawili

Ushahidi wenye nguvu zaidi dhidi ya kuitafuta maana katika asili umo ndani ya Kiitaliano chenyewe. Schiavo na ciao ni pacha: mzizi mmoja, lugha moja, historia moja hadi mahali fulani. Schiavo ingali nzito. Ni neno la vitabu vya historia, la sheria na la matusi. Anayemwita mwenziwe hivyo amemdhalilisha. Ciao ni nyepesi kiasi cha kufundishwa mtoto kabla hajajua kusema jina lake. Neno hilo hilo limo katika jina la wimbo Bella ciao, unaohusishwa na wapiganaji waliopinga ufashisti na ukaliaji wa Wajerumani kati ya mwaka 1943 na 1945, na ambao leo huimbwa na watu wanaodai uhuru katika nchi nyingi. Laiti asili ingekuwa ndiyo inayoamua maana, pacha hao wangekuwa na uzito mmoja.

Kiswahili kina pacha wa namna hiyo. Mzizi -tum- umezaa mtume na mtumwa. Kimofolojia, maneno yote mawili humtaja mtu aliyetumwa; la pili linabeba hata kiambishi cha kutendwa, -w-, kinachoonekana wazi. Lakini moja ni cheo kitukufu katika dini na jingine ni jina la mtu aliyenyimwa utu wake. Mzizi huo umezaa pia mtumishi, ambalo katika kirai "mtumishi wa umma" halina fedheha yoyote. Hakuna Mwislamu wala Mkristo anayeona kuwa jina la Mtume limetiwa doa na neno mtumwa. Wasemaji wa Kiswahili huishi na pacha hao kila siku na kuwatenganisha bila taabu, kwa sababu wanaongozwa na matumizi.

6.0 Mjadala wa Shikamoo

Kwa mwanga huo, mjadala wa shikamoo unaweza kutazamwa upya. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba salamu hii ni ufupisho wa kauli yenye maana ya "nashika miguu yako", na kwamba ilitumiwa na watu wa hali ya chini, watumwa wakiwamo, kwa mabwana wao. Wanaotaka iachwe husema kuwa ni masalia ya utumwa, na kwamba watu walio huru hawapaswi kuitamka. Wanaoitetea, badala ya kuihoji mantiki hiyo, mara nyingi huikimbia: huikana asili hiyo, au huitafutia asili nyingine iliyo tamu zaidi. Pande zote mbili zimekubaliana, bila kujua, juu ya kosa moja, yaani kwamba asili ikishathibitika kuwa mbaya neno limehukumiwa.

Mfano wa ciao unaonyesha kwamba kosa hilo halina msingi. Lakini haifai kuishia hapo na kusema kuwa shikamoo ni sawa na ciao, kwa maana si sawa. Ciao ilisafishwa na mrejesho: kila mmoja alimwambia mwenziwe, usawa ukazaliwa. Shikamoo haikurejeshwa. Jibu lake ni marahaba, neno lenye asili ya Kiarabu, na anayeitoa salamu haitarajii kuipokea kutoka kwa yule yule. Mwelekeo wake, kutoka chini kwenda juu, umebaki. Kilichobadilika ni kipimo cha chini na juu. Zamani kipimo kilihusu pia hadhi na umiliki. Leo, kwa sehemu kubwa, ni umri na ukoo. Kijana mwenye mali hutarajiwa kumwamkia mzee anayemlindia lango, na asipofanya hivyo husemwa kuwa hana adabu. Salamu iliyodhaniwa kuwa ni ya mtumwa kwa bwana sasa hutoka kwa mwajiri kwenda kwa mwajiriwa. Huo si utaratibu wa utumwa. Ni utaratibu mwingine.

Utaratibu huo mwingine unaweza kuhojiwa. Mtu anaweza kudai kuwa kuupa umri heshima isiyorejeshwa huwafunga vijana midomo, au kwamba watu wenye vyeo huidai shikamoo kutoka kwa wakubwa wao kiumri. Hizo ni hoja halali, na zinastahili utafiti wa isimujamii: nani humwamkia nani, wapi, kwa matarajio gani, na Tanzania bara, Zanzibar na Kenya zinatofautiana vipi. Lakini ni hoja juu ya leo. Hazipati nguvu yoyote kutokana na habari za miguu iliyoshikwa zamani, na anayeziegemeza kwenye etimolojia anajinyima ushahidi ulio bora zaidi.

Kuna pingamizi moja zito linalopaswa kujibiwa. Je, hakuna maneno ambayo asili yake ya kitumwa ingali inachoma? Yapo. Majina kama mtumwa, mjakazi na suria yakielekezwa kwa mtu au kwa ukoo wake huumiza. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922. Si zamani sana, na pwani ziko familia ambazo nasaba bado hunong'onwa. Lakini maneno hayo hayachomi kwa sababu wanaisimu wamegundua asili yake. Yanachoma kwa sababu msikilizaji aliye hai anaielewa maana hiyo papo hapo, na msemaji anajua kuwa anaieleweka. Maana ya utumwa ndani yake ni maana ya sasa. Tofauti kati ya schiavo na ciao ndiyo tofauti kati ya mjakazi na shikamoo: la kwanza linamtaja mtu na hali yake, la pili halimtaji yeyote, linafanya tendo la kuamkia. Kipimo kinachofaa, basi, ni msikilizaji aliye hai, wala si kumbukumbu iliyohifadhiwa kwenye kamusi.

7.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba ciao ilitoka katika jina la kabila, ikapita katika jina la utumwa, ikawa tamko la adabu, kisha salamu ya watu walio sawa, na kwamba katika kila hatua maana mpya ilizaliwa na matumizi. Kutokana na hayo yanafuata mambo mawili kwa wataalamu wa Kiswahili.

La kwanza linawahusu watunga kamusi. Kamusi za Kiswahili, zinapogusia asili ya neno, aghalabu huishia kuitaja lugha chanzi. Hilo halitoshi. Historia ya maneno kama shikamoo, mtumwa na mwungwana inapaswa kuandikwa kwa ukamilifu, pamoja na sura zake za aibu, lakini iandikwe mahali pake, mbali na fasili ya maana ya sasa. Kuificha asili ili kulilinda neno ni kuunyima umma historia yake. Kuichanganya na fasili ni kuupotosha.

La pili linawahusu walimu wa isimu. Mwanafunzi anayefundishwa etimolojia afundishwe pia mipaka yake. Ajue kuitumia kuonyesha njia ambayo neno limepita na watu walioteseka katika njia hiyo. Na ajue kwamba, anapotaka kufahamu neno linamaanisha nini sasa, hana budi kutoka maktabani na kwenda kuwasikiliza wanaolisema.